Maneno Niliyoyaruka

Rumonge, Jumamosi alasiri

Mwamini, mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Magara kumuaga shangazi yako, na mimi nimebaki nikisema nina kazi posta. Leo posta imefungwa tangu saa sita mchana, nawe unalijua hilo, ila hukusema kitu. Nimekaa mlangoni penye mwanga na ubao wa kukatia mboga magotini ndio meza yangu. Miaka ishirini na sita nimewaandikia watu barua: za mahari, za matanga, za kuomba radhi, hata moja ya bwana aliyetaka kumwarifu mkewe kwamba ameoa mwingine, akataka mimi ndiye nitafute maneno. Kwako sijaandika hata moja. Ulikuwa hapahapa nyumbani, ningekuandikia nini?

Habari za pasipoti, za sala, za chakula na za watu wa kujihadhari nao sitazigusa. Mama yako amezisema wiki nzima mpaka kuku wamezishika. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la aibu yangu. Nitampa karatasi hizi akupe mkishakula. Zisome leo. Usizitie kwenye sanduku ukasema utazisoma ukifika, maana humu kuna neno linalotaka jibu lako kabla ya gari la kesho.

Nina uchungu, Mwamini. Asubuhi nimeliona sanduku lako limesimamishwa ukutani, limefungwa kamba, nikatoka nje nikajifanya natafuta kandambili. Nilizunguka nyumba mara mbili. Jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu nikamwambia bado.

Unaijua kazi yangu kwa sababu ulikulia juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli ya posta. Unajua kwamba mitaa yetu haina namba. Bahasha inaandikwa: Kwa Mama Esta, nyuma ya mashine ya kukamua mawese, Gatete, ulizia. Hilo neno “ulizia” ndilo lililonifundisha mji huu. Nimeulizia mpaka nikajua nani kahamia wapi, nani kagombana na nani, mbwa gani anabweka tu na yupi anauma. Watu waliacha kuniita jina langu. Nikawa Faktere, yaani mpeleka barua, hata msikitini, hata kwa babu yako mkwe wangu, ambaye alinipa binti yake huku akiniita Faktere.

Na unajua kwamba kupeleka barua ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili haikuandikwa katika kanuni yoyote ya posta. Nikifika, mwenye barua anavuta kiti, ananipa maji, anakaa mbele yangu, anasema, “Nisomee.” Wengi hawakujua kusoma, hasa akina mama waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania na wengine waliokuwa hapa miaka yote. Barua ikisomwa vizuri mtu hunifungulia mkono. Ndagala wale waliokaushwa, chupa ya mawese, kifungu cha muhogo. Ulikula na kukua kwa mdomo wangu, sio kwa mshahara wangu, na nilijivunia hivyo.

Sasa nikueleze jinsi mdomo huo ulivyoharibika. Haukuharibika siku moja.

Ilianza na mwanamke mmoja pale karibu na soko, mume wake alikuwa ng'ambo, Kongo, kwenye machimbo. Akamwandikia maneno makali, kwamba amesikia anatembea na wengine, kwamba akirudi atamjua yeye ni nani. Nilipofika kwenye mstari huo nikamtazama yule mama. Alikuwa na mimba kubwa na alikuwa ameshika mikono yake miwili hivi, kama mtoto anayengoja zawadi. Nikaruka. Nikasoma kwamba anamkumbuka na anawasalimia majirani. Akacheka mpaka akafuta machozi, akanipa maparachichi manne. Yule bwana aliporudi miezi mitatu baadaye hasira ilikuwa imekwisha, wakaishi, na wanaishi mpaka leo. Nikajiambia, umeona? Umeokoa nyumba ya watu.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Tusi, naruka. Deni la kijana aliyekamatwa, napunguza. Bibi aliyeambiwa mjukuu amefeli, namwambia mjukuu anajitahidi. Nilikuwa mwepesi, Mwamini, macho yanasoma mstari mmoja na mdomo unasema mwingine, wala sauti haitetemeki. Nilijiona mtu mwema kuliko masheikh na mapadri kwa pamoja. Nilikuwa nikirudi nyumbani jioni nimejaa sifa.

Bibi Daforoza unamkumbuka. Najua unamkumbuka, ingawa hatujamtaja ndani ya nyumba hii miaka kumi na mitatu. Nitamweleza hata hivyo, kwa sababu wewe ulimjua siku moja na mimi nilimjua miaka sita.

Alikuwa amekaa Tanzania tangu alipokimbia akiwa msichana. Aliporudi Gatete alikuta watu wengine wako juu ya shamba la baba yake, wamepanda michikichi, wamezaa watoto, nao walikuwa na karatasi zao. Akajenga kibanda pembeni mwa shamba, kwenye mpaka, akakaa hapo akisubiri kesi. Mwanawe mmoja tu, Venansi, alibaki upande wa Kigoma na mke wake. Ndiye aliyekuwa akimwandikia. Bibi alihifadhi barua zake ndani ya kopo la maziwa, na kila nikipita, hata kama sina barua mpya, alisema, “Faktere, kaa kidogo. Nisomee ile ya Pasaka.” Alizijua zote kwa moyo. Nikikosea neno alinisahihisha.

Barua ile ilifika wakati wa mvua. Venansi alikuwa na mwandiko mzuri wa shule za kule, lakini safari hii herufi zilikuwa zimelala. Aliandika: “Mama, njoo unione. Sisemi hivi kukutisha. Nikikohoa inatoka damu, na mke wangu amenipeleka hospitali mara mbili. Usingoje kesi, usingoje mavuno. Nataka nikuone.”

Nimekuandikia maneno yenyewe kwa sababu sikuweza kuyasahau.

Bibi alikuwa amekaa mbele yangu. Siku ya kesi ilikuwa imepangwa, bado siku tano, watu wa kupima mashamba walikuwa wanakuja, na mtaa mzima ulikuwa ukisema kwamba asiyekutwa amesimama kwenye mpaka wake siku hiyo atakuwa ameliacha shamba. Alikuwa amengoja maisha yake yote. Miguu yake ilikuwa imevimba. Nikawaza, akienda sasa atapoteza shamba, na Venansi ni kijana, kifua ni kitu cha dawa, atapona. Siku tano tu. Baada ya kesi nitakuja nimwambie mwenyewe, nimtafutie na gari. Hayo yote niliyawaza wakati nakunjua karatasi, kisha nikasoma: “Mama, nilikohoa kidogo lakini naendelea vizuri. Mvua zikiisha nitakuja mwenyewe nikuone. Usihangaike.”

Akamshukuru Mungu, “Imana ashimwe. Soma tena.”

Nikasoma tena. Ikabidi nikumbuke uongo wangu neno kwa neno, kwa sababu alikuwa ameshaushika.

Siku ya kesi ilifika, watu wa kupima hawakuja. Wakatuma habari kwamba ni wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa baada ya sikukuu. Mimi kila mara nilisema, basi nitamwambia ikiisha. Nilipita kwake nikamsomea uongo uleule mara nne, mara tano. Ungeniuliza wakati ule, ningeapa kwamba nilikuwa nikimlinda. Lakini nikuambie kweli iliyokuwa chini kabisa: baada ya wiki ya pili nilikuwa naogopa. Sikuwa nikilinda shamba tena, nilikuwa nikilinda jina la Faktere.

Halafu likizo ikaja. Ulikuwa na miaka kumi, ulikuwa umeshika nafasi ya pili darasani, na ulikuwa ukisoma kila kitu, hata maandishi kwenye mifuko ya saruji. Ukaniomba twende wote Gatete. Nilikuacha kwa Bibi Daforoza unywe maji, nikaingia boma la pili na rekomande, unakumbuka zile barua ambazo mwenyewe lazima aweke sahihi au dole gumba. Mwenye barua alikuwa shambani ikabidi angojewe. Nilikawia kidogo tu.

Niliporudi nilisikia sauti yako kabla sijafika. Ulikuwa unasoma kwa ile sauti ya shuleni, kwa nguvu, ukisimama kwenye nukta. “Nikikohoa inatoka damu.” Kopo lilikuwa wazi miguuni pako. Bibi alikuwa amekuuliza, “Mutoto wa Faktere, unajua kusoma? Nisomee ile ya juu,” na wewe ulifurahi mtu mzima kukuomba kitu.

Bibi hakupiga kelele. Alikugusa kichwani, akakushukuru, “Murakoze, mutoto wangu. Umesoma vizuri sana.” Kisha akanitazama mimi.

“Faktere. Ile ingine ulikuwa unanisomea, ilitoka wapi?”

Nikasema, “Bibi, ile kesi...”

“Kesi gani? Mie nilikuomba kesi?”

Akaingia ndani akafunga kitenge na nguo mbili. Miguu ile niliyoionea huruma ilitembea mpaka barabarani bila kusimama. Aliondoka siku ileile, kwa njia ya Nyanza-Lac. Tangu nilipoikunjua barua ile zilikuwa zimepita wiki saba. Alipofika kwa mkwe wake, Venansi alikuwa ameshazikwa siku tisa.

Siku tisa, Mwamini. Hata ningejikaza nikamwambia baada ya ile siku ya kwanza ya kesi, hata baada ya sikukuu, angemkuta.

Na kesi yenyewe haikusikilizwa mwaka ule.

Lakini sikuketi hapa kuungama ya Bibi Daforoza peke yake. Yule nilimwomba radhi uso kwa uso aliporudi. Aliniacha nimesimama nje, akasema, “Uliniiba siku zangu na mutoto wangu. Kuanzia leo barua utaniletea. Kusoma, hapana.” Miaka yote iliyofuata nilimpelekea barua za mkwe wake, nikaziweka mkononi mwake, akaita mtoto wa jirani. Hakuacha kunisalimia. Hakunipa tena maji. Amefariki, unajua, na nilibeba jeneza lake, na hakuna aliyenikataza.

Nimeketi kwa sababu ya wewe. Tulipokuwa tukirudi siku ile, Bibi ameshaondoka, nilisimamisha baiskeli pale kwenye mashine ya mawese. Nikafungua ule mpira wa kufungia mizigo. Nilikupiga, mtoto wa miaka kumi, mbele ya wanawake waliokuwa wakipanga chikichi. Nikakuuliza nani alikutuma kusoma barua za watu, nawe ukasema huku unalia, “Lakini iko imeandikwa hivyo, baba.” Nikakupiga tena kwa kusema hivyo.

Hukufanya kosa. Nimechelewa kulisema. Ulisoma kilichoandikwa, ukakisoma vizuri, na kama ungekisoma wiki saba kabla, mama angemwona mwanawe. Mimi nilikuwa na aibu, aibu ikatafuta mahali pa kuangukia, ikakuangukia wewe uliyekuwa mdogo kuliko wote. Naomba unisamehe. Nimewaandikia watu maneno haya mara nyingi nikiyapamba, na sasa naona hayana haja ya mapambo.

Kilichofuata hukukiona wewe, kwa sababu kilikuwa ndani yako. Mimi nilikiona. Jioni ile mama yako alikuuliza umelia nini, ukasema umeanguka. Nilikuwa nimekaa palepale. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba umenifichia.

Tangu siku hiyo hujaniletea habari mbaya hata moja.

Ulipopata malaria ile kubwa ulituambia ni uchovu mpaka ukaanguka pale kisimani. Ulipokosa nafasi ya kuendelea na shule ulinieleza kwa namna ambayo nilimaliza chai yangu kabla sijaelewa kwamba umekosa. Yule kijana fundi seremala wa Kanyenkoko, aliyekuja na wazee wake, akala ubwabwa wetu, kisha akaoa kwingine, uliniambia, “Hakuna neno, baba, tulielewana tu.” Mama yako ndiye aliyekusikia ukilia bafuni, maji yakimwagika ili sisi tusisikie. Watu wananisifia: binti yako mpole, binti yako hana maneno. Nami nakubali sifa, nikijua upole ule ulitoka wapi. Nilikufundisha kuruka mistari. Umekuwa hodari kunishinda, maana mimi niliruka za watu tu, wewe unaruka zako mwenyewe.

Sasa lile neno linalotaka jibu.

Mwezi uliopita ulikwenda Bujumbura kwa wale waliokutafutia kazi Arabuni. Ukarudi na soda za wadogo zako, ukasema kila kitu kiko sawa, watu wazuri, kazi ni kulea watoto wawili, Ijumaa ni mapumziko. Nikasema alhamdulillahi. Wiki hii mama yako amekutana sokoni na yule msichana wa Gitaza mliyekuwa naye kule. Amemweleza mengine. Kwamba karatasi ya kwanza ilibadilishwa. Kwamba sasa ni nyumba kubwa yenye mgonjwa asiyeinuka kitandani, na unatakiwa umgeuze mchana na usiku peke yako. Kwamba simu itakaa kwa mwenye nyumba. Kwamba uliuliza swali moja ukafokewa mbele ya wote, ukainamisha kichwa ukatia sahihi.

Tunajua, Mwamini. Siku nne tumekaa na wewe, tumekula na wewe, tunajua, na tumenyamaza, kwa sababu katika nyumba hii hivyo ndivyo tunavyopendana. Jana ulipokuwa ukimwonyesha mdogo wako kwenye simu picha ya ule mji wenye taa, ukimwambia utamtumia viatu, nilitaka kukushika mkono niseme acha. Nikasema mji mzuri.

Basi nasema leo. Ukitaka kubaki, baki. Kesho asubuhi fungua sanduku, toa nguo, hakuna atakayekuuliza. Watu watasema, na mimi nimeishi na maneno ya watu maisha yangu yote, nimeyabeba kwa baiskeli, hayajaniua. Paa linalovuja limevuja miaka mingi. Ada za wadogo zako ni mzigo wangu na wa mama yako, hukuwazaa wewe. Sikuambii uende wala usiende. Una miaka ishirini na mitatu na unaijua hali ya nyumba hii kuliko ninavyopenda. Nataka tu ukienda, uende ukijua kwamba tunajua, usiwe na kazi ya kutudanganya juu ya kazi ya kumgeuza mgonjwa.

Na ukienda, niandikie. Simu wakikupa, piga, nitafurahi, lakini simu ni rahisi mno kwa watu kama sisi. Unasema niko salama, mimi nasema sisi pia, mtandao unakatika, kila mtu anabaki na lake. Karatasi inakulazimisha ukae na jambo. Tafuta bahasha, mpe dereva, mpe muuza duka, mpe mwanamke yeyote anayerudi huku. Barua zina njia zake, niamini mimi. Na ukiandika, anza na baya. Salamu zitafuata chini. Ukipigwa, andika umepigwa. Ukinyimwa chakula, andika. Ukiwa na furaha, andika pia, nami nitaiamini kwa sababu nitakuwa nimeshasoma na ubaya.

Usiogope kwamba nitaumia. Nitaumia. Nimewasomea watu barua kama zilivyoandikwa tangu siku ya Bibi Daforoza, hata zile ambazo ulimi ulikuwa mzito kama jiwe, na nimeona jambo ambalo sikulijua nilipokuwa na sifa. Mtu akisikia baya analia, anakaa, halafu anainuka anauliza gari linaondoka saa ngapi. Mimi nilidhani watu wanahitaji kufichwa, kumbe walihitaji muda. Nataka nami nipewe muda wa kuuliza gari linaondoka saa ngapi.

Haiwezekani nikuombe haya na mimi bado nimeficha. Kwa hiyo naanza na mabaya yangu, yako mawili.

La kwanza ni kwamba sijafurahi. Nimewaambia watu wa msikiti nimefurahi, nimemwambia shefu, mkubwa wetu wa posta, nimekuambia wewe mara tatu nikicheka. Sijafurahi hata kidogo. Nikifikiri keshokutwa nitarudi nyumbani na wewe hutakuwa pale jikoni ukiimba vibaya, najisikia mgonjwa.

La pili ni macho. Jicho la kulia halioni tangu mwaka jana. La kushoto daktari amesema nalo linakwenda, hana dawa ya kulirudisha, anaweza tu kulichelewesha. Naona karibu, kwenye mwanga mwingi, ndiyo maana herufi hizi ni kubwa na nimekaa mlangoni. Mbali sioni. Barua nazigawa kwa kukariri njia, nikifika nawauliza wenyewe, hii ni ya nani? Wanadhani natania. Shefu ameshajua, nimepewa mpaka mwisho wa mwaka. Mama yako hajui. Usimfiche, nitamwambia mwenyewe leo mkirudi, kabla hajakupa karatasi hizi.

Kwa hiyo barua zako atanisomea mdogo wako Idi, na Idi ananipenda, na ana moyo laini kama wako. Nitakaa mbele yake nimeshika mikono yangu nikingoja. Juu kabisa, kabla ya jina langu, mwandikie yeye: Idi, msomee baba yote.

Kesho ukiamua kupanda, nitakuwa pale kwenye gari na mama yako. Likiondoka nitapunga mkono. Usidhani nimekuona dirishani. Nitakuwa napunga kuelekea mlio wa injini, na huenda nikampungia mtu mwingine. Kwa hiyo usiniage kutoka ndani ya gari, mwanangu. Shuka uje mpaka nilipo, usimame karibu kabisa, uniache nikushike uso kwa mikono miwili. Na kama umelia usijifute kwanza.

Baba yako,
Faktere